Heri sufuria moja ya maana kuliko seti ya vipande 12

Wiki hii siandiki mambo ya testi wala foleni ya bumu. Nataka tubishane kuhusu sufuria. Ndiyo, sufuria. Usicheke kwanza.

Hali iko hivi. Mwenzetu mmoja aliyemaliza chuo mwaka juzi anaolewa mwezi ujao. Kicheni pati yake ni Jumamosi ijayo, na sisi watu sita wa huku hosteli tumechanga hela ya zawadi. Wanne wanataka ile seti ya vipande 12: nje nyekundu, ndani nyeusi ti, mifuniko ya kioo, boksi kubwa ambalo likiwekwa mezani kila mtu ataliona. Wawili, mimi nikiwamo, tunasema kwa hela ileile tununue sufuria moja nzito ya stili na kikaango kimoja cha chuma. Tumebishana siku tatu. Nimeona bora niandike, maana kwa mdomo nakatizwa kila nikifika hoja ya pili.

Hoja yangu ni fupi: chombo cha kupikia ni sehemu ya chakula. Tunauliza mchele umetoka Kyela au wapi, tunafunua mashavu ya samaki tuone kama bado mbichi, tunachambua maharage punje kwa punje. Halafu vyote hivyo tunavimimina kwenye chombo ambacho hatujui kimetengenezwa na nini. Muuzaji naye hajui. Juzi nilimwuliza mmoja pale Kariakoo, "Kaka, hii ni madini gani?" Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Dada, hii ni ya Dubai."

Haya, tuanze na sufuria zetu za kila siku, za alumini. Alumini ni nyepesi, inapitisha moto haraka na bei yake inashikika. Ikiguswa na hewa inajifunika kwa utando mwembamba mno unaoizuia isiliwe. Utando huo ndo mlinzi wake. Sasa kuna vitu viwili vinavyoutoa, na vyote viko jikoni kwetu: uchachu na magadi. Upande mmoja nyanya, ndimu, ukwaju na maziwa mgando. Upande wa pili magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda. Umewahi kupika nyanya nyingi kwenye sufuria iliyofubaa, ukaiosha ukakuta ndani imekuwa nyeupe inang'aa? Watu wanasema nyanya inasafisha sufuria. Kweli inasafisha, ila kilichotoka hakikwenda popote. Kimeingia kwenye mchuzi, na mchuzi mmeshakula.

Sitaki kutisha watu ovyo. Mtu mwenye figo nzima hutoa nje sehemu kubwa ya alumini inayoingia mwilini, wa kuchunga zaidi ni mgonjwa wa figo. Na ile habari kwamba sufuria za alumini zinaleta ugonjwa wa kusahau uzeeni, ushahidi wake haujasimama. Kwa hiyo wali, ugali, chai, maji ya kuoga, pikia tu sufuria nzuri ya alumini ya kiwandani, hainipi presha.

Inayonipa presha ni ndugu yake: sufuria ya kusubu. Ni zile nene, nzito kidogo, zina chembechembe kama za mchanga kwa nje, mkono mmoja umeinama kuliko mwingine. Zinatengenezwa kwa vyuma chakavu. Fundi anakusanya mabaki ya injini, rejeta za magari, makopo, vipande vya vifaa vya umeme, anayeyusha vyote pamoja, anamimina kwenye umbo la mchanga. Kazi ya mikono, ujuzi mtupu, na mimi namheshimu. Tatizo ni kilichojificha ndani ya hayo mabaki. Rejeta za zamani zimeungwa kwa risasi. Siyo risasi ya bunduki jamani, madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, risasi kwenye nyuzi 327 tu. Kwa hiyo alumini inapoanza kuyeyuka, risasi ilishakuwa uji zamani, na kiasi fulani kinabaki humohumo mpaka kwenye sufuria.

Siyo maneno ya vijiweni haya. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, zikiwemo Tanzania na Kenya. Watafiti waliiga mapishi kwa kuchemsha siki iliyozimuliwa ndani ya vyombo hivyo kwa saa mbili, kisha wakapima kilichotoka. Vyombo 15 kati ya 42 vilitoa risasi mikrogramu 1 au zaidi kwa kila robo lita ya chakula. Chungu kimoja kutoka Vietnamu kilipita mikrogramu 1,000. Ili uelewe ukubwa wa namba hiyo, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha kutovukwa kwa mtoto, na 8.8 kwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Vyombo vingine vilitoa kadimi na aseniki pia. Na alumini yenyewe ilizidi kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa vyombo 40 kati ya 42.

Na madhara hayabaki kwenye maabara. Huko Seattle, Marekani, maofisa wa afya walishangaa kwa nini watoto wa wakimbizi kutoka Afghanistan wana risasi nyingi kwenye damu. Walipofuatilia majumbani, miongoni mwa walivyovikuta ni sufuria za alumini ambazo familia zilikuja nazo kutoka kwao. Walizipima na kuchapisha majibu mwaka 2022: zilikuwa zinatoa risasi. Fikiria, mama kakimbia vita, kaacha kila kitu, kabeba sufuria ya kulishia wanawe.

Kwa nini nashupalia risasi? Kwa sababu haina ladha, haina harufu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Inaathiri ubongo unaokua: kusoma, kutulia, kukumbuka. Inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, na mwanamke akipata mimba inaweza kutoka kwenye mifupa ikarudi kwenye damu, ikavuka mpaka kwa mtoto tumboni. Bibi harusi wetu ana binti wa miaka miwili. Hiyo zawadi yetu ndiyo itakayopika uji wake kila asubuhi. Ndo maana sikubali tuchague kwa rangi ya boksi.

Wale wanne wamenijibu: sawa, lakini seti yetu siyo ya kusubu, ni nonstiki, chakula hakigandi, mwanamke wa kisasa. Twende huko sasa.

Ule weusi wa ndani ni aina ya plastiki. Iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia wa kampuni ya DuPont, Roy Plunkett, na miaka ya 1950 Wafaransa wakaanza kuipaka kwenye vikaango. Niwe mkweli: ikitulia kwenye moto wa wastani haina ugomvi na chakula. Hata ukimeza kipande kilichobanduka, kinapita tu tumboni na kutoka. Wanaosema ukila kipande unakufa wanapiga chumvi.

Ubaya wake ni joto. Ikipita nyuzi 260 hivi huanza kuharibika, na ikizidi sana hutoa mvuke unaoweza kumpa mtu homa na kifua kubana, na unaoua ndege wa kufugwa ndani ya nyumba. Mwenye jiko la umeme lenye kitufe cha kupunguza anaweza kuchunga. Sisi wa mkaa je? Mkaa uliokolea unapita nyuzi 260 mbali sana, na kikaango kitupu kinachongoja mafuta yaletwe kutoka dukani kinafika huko dakika chache tu. Kisha kuna mkono wetu. Nonstiki inataka mwiko wa mti, sifongo laini na moto mdogo. Nyumba nyingi ninazozijua zina upawa wa bati, waya wa chuma na haraka. Mwaka hauishi, weusi umechunika na alumini ya chini iko wazi.

Kuna na suala la kiwandani. Kwa miaka mingi utengenezaji wa hiyo plastiki ulitumia kemikali iitwayo PFOA. Iliingia kwenye maji ya kunywa ya watu wa eneo la Parkersburg, West Virginia, na kesi yao iliyosimamiwa na mwanasheria Robert Bilott ikatengenezewa filamu ya Dark Waters mwaka 2019. Mwaka huohuo PFOA iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ili iondolewe duniani, na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kampuni kubwa za Marekani ziliacha kuitumia kufikia 2015. Lakini seti isiyo na jina la kiwanda wala mwaka, yenye anwani ya "Dubai" peke yake, utajuaje ilitumia nini? Mimi sijui, muuzaji hajui, na boksi halisemi.

Sasa nini cha kununua? Msiseme nakosoa tu.

Kwanza, stili isiyoshika kutu. Hiyo inaweka ndani kila kitu: nyanya, ndimu, ukwaju, magadi, usiku kucha kama umesahau. Tafuta iliyogongwa muhuri wa 18/10 au 18/8 chini. Namba ya kwanza ni asilimia ya kromi, ya pili ni nikeli. Inyanyue. Kama inapepea kama karatasi, iache, itaunguza wali. Kitako kiwe kinene, mikono iwe imefungwa kwa pini za chuma na siyo plastiki itakayoyeyuka kwenye mkaa. Mwenye mzio wa nikeli ndiye wa kuangalia vizuri. Na usidanganywe na kipimo cha sumaku: ziko stili nzuri zinazonasa sumaku na nyingine hazinasi. Inakwaruzika, ndiyo, lakini hakuna cha kubanduka. Ukiitunza, huyo binti wa miaka miwili ataolewa aikute.

Pili, kikaango cha chuma cha kusubu. Chuma kabisa, siyo alumini. Hapa sumaku inasaidia, chuma inanasa na alumini hainasi. Kikiwa kipya unakiosha, unakikausha motoni, unakipaka mafuta kidogo sana, unakiacha kwenye moto mpaka kitoe moshi. Rudia mara tatu nne. Kitakuwa cheusi chenyewe na yai litateleza. Kikishika kutu, sugua, paka mafuta, anza upya, hakuna hasara. Tena kinaongeza madini ya chuma kwenye chakula. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha watoto waliolishwa chakula kilichopikwa kwenye vyungu vya chuma walipungukiwa damu kidogo kuliko waliopikiwa kwenye alumini. Na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma ndiye hufyonza risasi zaidi. Ila usichemshie nyanya au ukwaju humo saa nzima, chakula kitapata ladha ya msumari.

Tatu, chungu. Msikunje pua! Bibi yangu wa Tanga hajawahi kupika samaki wa ukwaju kwenye alumini, anasema mchuzi "unabadilika". Hakusoma kemia, lakini ulimi wake ulikuwa unasema kitu cha kweli. Kule Ziwa Nyasa, pande za Matema na Ikombe, akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu vizuri mno, vya udongo usiopakwa kioo. Chungu kipya kipikie uji kwanza kizibe vitundu, kiwekee moto wa taratibu, usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Ninachowaonya ni vyombo vya udongo vya rangi vinavyong'aa kama kioo visivyojulikana vilikotoka, maana ule ung'aro mara nyingine umetengenezwa kwa risasi ileile tunayoikimbia.

Na wapenda keki? Tunaooka kwa mkaa, makaa juu ya mfuniko na makaa chini, trei ya nonstiki ndiyo mahali pabaya kabisa pa kuiweka. Sufuria au bati la keki la alumini ya kiwandani, lililowekwa karatasi ya kuokea ndani, linatosha. Mkate wa kumimina sawasawa. Cha vitumbua, tafuta cha chuma.

Sasa nijibu maneno niliyopigwa nayo chumbani.

"Bibi zetu wamepikia hizohizo na hawakufa." Bibi zetu wengi walianza na chungu, alumini imekuja katikati. Pia risasi haiui kwa kishindo. Inampunguza mtoto kidogokidogo, halafu mwalimu anamwita mzito, na hakuna anayefikiria sufuria.

"Tutaonekana tumeleta zawadi ndogo." Hapa ndo penye ukweli wenyewe. Hatubishanii upishi, tunabishania macho ya wageni. MC atatangaza "vipande kumi na viwili!" na ukumbi utapiga vigelegele. Sawa, lakini bibi harusi haolewi na ukumbi. Tuseme seti inagharimu laki moja na inakufa baada ya miaka miwili. Kwa miaka ishirini atanunua seti kumi, milioni nzima imeondoka. Sufuria ya stili ikigharimu hiyohiyo laki moja atainunua mara moja. Halafu tuhesabu vizuri: katika vile vipande 12, mifuniko nayo imehesabiwa, na mpaka miiko ya plastiki.

"Wewe mwenyewe hapa hosteli unapikia nini?" Napikia alumini ya kiwandani, bumu haliruhusu zaidi. Kwa hiyo nawapa na wenzangu wa mfuko mwembamba ninayoyafuata. Ndimu natia kwenye sahani, siyo jikoni. Mchuzi uliobaki nauhamishia kwenye bakuli la kioo, haulali kwenye sufuria. Sisugui ndani kwa waya mpaka ing'ae, ule ufifi ndo mlinzi. Sufuria iliyoliwa vijishimo inakuwa ya maji ya kuoga. Na sinunui ya kusubu kwa ajili ya chakula, hata kama ni bei ya kutupwa.

Kabla sijamaliza, neno la mafundi. Sipendi makala hii iishie kwa watu kuwasema mafundi wa Gerezani au wale wenzao wa Kamukunji kule Nairobi. Fundi ndiye wa kwanza kuvuta ule moshi, na mara nyingi watoto wake wanacheza palepale. Dawa siyo kumfukuza. Dawa ni kumwambia mabaki gani ayatenge: rejeta, betri, chochote kilichoungwa kwa risasi. Na ule utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa kupaka chombo utando wa kuzuia kulika kulipunguza sana kinachotoka. TBS wana maabara. Ningetamani waende vijiweni kununua sufuria kumi kumi, wazipime na kutangaza majibu kwa Kiswahili, ili mama aliyeko sokoni ajue cha kushika na cha kuacha. Na wenzangu wa uhandisi na kemia hapa Mlimani, mnatafuta mada za miradi ya mwaka wa mwisho kila siku. Mada ndo hii, bure.

Kura yetu ni Jumatano usiku. Wanne kwa wawili, najua hesabu ilivyo, lakini nahitaji kuwageuza wawili tu na mmoja ameanza kulegea tangu nilipomwambia habari ya binti. Mnaomfahamu bibi harusi, naomba msimvujishie. Na kama kuna mtu anajua duka la Kariakoo lenye vikaango vya chuma kweli, vinavyonasa sumaku, anishtue kabla ya siku hiyo. Sumaku ninayo kwenye mkoba.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.